Nusu kwa nusu: kisa cha ndugu wawili na mfumo wa maziwa Tanga

Usuli

Wahusika ni ndugu wawili, mtoto wa mama mkubwa na mtoto wa mama mdogo, waliolelewa nyumba moja Ngamiani. Mkubwa nitamwita Dada na mdogo nitamwita Fundi. Majina yao, ya vituo na ya kiwanda nimeyaacha. Wote wawili wameridhia kisa kielezwe. Mimi ni mtunza hesabu wa biashara ndogo hapa Tanga, na niliitwa katika mwezi wa kumi wa biashara yao, maji yakiwa yamekwisha kumwagika. Mengi ninayoeleza nimeyasoma katika meseji zao, risiti na daftari, kisha nikamhoji kila mmoja peke yake.

Dada alikuwa karani wa kituo cha kukusanya maziwa kwa miaka mitatu. Mfugaji wa huku, mwenye ng'ombe wawili watatu zizini, huleta maziwa kwa dumu juu ya baiskeli au bodaboda kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na wengine huleta tena jioni. Karani hutumbukiza laktomita kuona kama maziwa yametiwa maji, hupima, huandika lita kwenye daftari, kisha huyamimina kwenye tangi la kupozea yakingoja gari la kiwanda. Mwisho wa mwezi mweka hazina hujifungia na daftari siku mbili tatu, akijumlisha lita za kila mtu na kukata pumba, dawa na mkopo. Ufugaji huu wa nyumbani ulipata nguvu Tanga tangu miaka ya 1980, kwa mpango wa maziwa uliosaidiwa na Uholanzi, na mpaka leo uhai wa familia nyingi hutegemea mwandiko wa karani mmoja. Dada aliyajua hayo kwa mikono yake. Aliwahi kukesha akitafuta lita tisa za mjane mmoja zilizoandikwa mstari wa jirani yake.

Fundi alikuwa akiandika programu kwa kazi za hapa na pale: mfumo wa ada wa shule, tovuti ya nyumba ya wageni. Ni mtu mwerevu na mpole. Kazi yake nimeionyesha kwa mtaalamu mwingine, naye akaisifu.

Jioni ya makubaliano

Walikubaliana barazani, baada ya futari. Dada alisema tatizo la daftari, Fundi akasema linaweza kuingia kwenye simu. Kabla kahawa haijapoa walikuwa wamegawana biashara: nusu kwa nusu. Dada angetoa shilingi 1,800,000 alizovuna kwenye kikoba chake, Fundi angetoa ufundi. Hawakuandika chochote. Nilipomwuliza Dada kwa nini, alinijibu: "Ningemwambia mdogo wangu tutie saini, mama yake angeniuliza nimeanza lini kumtilia shaka."

Sababu hiyo siidharau. Katika nyumba zetu kuandikishana na ndugu huonekana kama kumwekea shahidi kabla hajakosa. Lakini angalia walichogawana usiku ule: kazi ya miaka ambayo hakuna hata mmoja aliyekuwa ameifanya bado. Waligawana mavuno kwa ukubwa wa upendo wao, jembe likiwa bado dukani.

Usajili ulifuata njia ya mkato. Jina la biashara lilisajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kwa jina la Dada peke yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na nafasi siku ile ya kujaza fomu mtandaoni. Lipa namba, ya kupokelea malipo kwa simu, ikawa yake. Kikoa cha tovuti (anwani yake mtandaoni), seva (kompyuta inayopokea rekodi) na akaunti ya kutuma meseji vikafunguliwa kwa barua pepe ya Fundi.

Miezi saba ya kwanza

Toleo la kwanza lilikuwa tayari baada ya wiki saba. Karani anachagua jina la mfugaji kwenye simu, anaandika lita, na mfugaji anapata meseji palepale. Mtandao ukikatika, simu inahifadhi rekodi na kuituma baadaye. Wazo hilo la kuhifadhi lilikuwa la Fundi, na bila hilo mfumo usingefika mbali, maana vituo vingine vipo njia ya Muheza na Pangani ambako mtandao huja na kuondoka.

Kituo cha kwanza kilianza kwa majaribio kikiwa na wafugaji 120. Walinunua meseji za shilingi 100,000, kila moja shilingi 22. Asubuhi ya siku ya kumi meseji zikaisha. Fundi alidhani wameibiwa. Hesabu ilikuwa hivi: wafugaji 120, mara mbili kwa siku, ni meseji 240. Lakini kila meseji ilihesabiwa mbili. Meseji ya simu hubeba herufi 160 ikiwa na herufi za kawaida tu. Ikiingia hata alama moja isiyo ya kawaida, nafasi hushuka hadi 70. Meseji yao ilikuwa na herufi 118, na ndani yake kulikuwa na neno ng'ombe lililoandikwa kwa king'ong'o, ile alama ndogo ya juu, kile kilichopinda, ambacho kompyuta hukiweka yenyewe badala ya kilichonyooka. Alama moja iliyopinda ilikula nusu ya fedha zao.

Waliinyoosha. Hata hivyo, meseji 7,200 kwa mwezi zilikuwa shilingi 158,400, na bei waliyomtajia mwenyekiti wa kituo ilikuwa 60,000. Walikuwa wametaja bei kabla ya kujua bidhaa inawagharimu nini. Dada ndiye aliyepata njia, kwa kuwauliza wafugaji. Wengi walisema meseji ya kila siku hawaisomi. Wanachotaka ni kujua jumla kabla ya mwisho wa mwezi, wakiwa bado wanakumbuka. Ikawa meseji moja kwa wiki: 480 kwa mwezi, shilingi 10,560. Uamuzi huo ndio uliowafanya wawe na biashara.

Kuuza kulikuwa kazi nyingine kabisa. Dada alianza kwa viongozi, kwenye mikutano, akitandaza maelezo. Walimsikiliza, wakamshukuru, wakanyamaza. Baadaye akaacha mikutano, akawa anafika kituoni saa kumi na moja alfajiri na kuketi na karani, akimsaidia kupima huku akimwonyesha simu. Aligundua kwamba makarani ndio waliokuwa wakiupinga mfumo chinichini, kwa hofu ya kufukuzwa au ya makosa yao kuonekana. Aliwaambia kwa lugha ya karani mwenzao: mfugaji akija juu mwisho wa mwezi, meseji ya kila wiki ndiyo shahidi wako. Pia aliwasihi wasitupe daftari. Waandike kote kuwili kwa miezi mitatu.

Kwenye vituo hivyo ndipo alipoona pengo kubwa la toleo la kwanza: halikuwa na mahali pa kuandika maziwa yaliyokataliwa. Fundi hakuwahi kuyafikiria, kwa kuwa hayaingii kwenye malipo. Dada alijua kwamba ugomvi mwingi wa kituo ni juu ya maziwa hayo hasa: mfugaji anakumbuka alileta lita kumi, hakumbuki kuwa sita zilirudishwa. Fundi aliongeza sehemu hiyo kwa wiki mbili.

Kufikia mwezi wa saba walikuwa na vituo vitano vinavyolipa. Bili ilikuwa ikitoka tarehe 1 na haikulipwa na mtu, kwa sababu kiwanda huwalipa vituo baadaye. Waliihamishia tarehe 10, na usumbufu ukaisha.

Mwezi wa nane na wa tisa

Fundi alipata ajira Dodoma. Mama yake alikuwa mgonjwa, na biashara ilikuwa haijamlipa hata mara moja. Kila kilichoingia kilirudi kwenye meseji, seva na nauli. Aliondoka akiahidi kufanya kazi jioni. Nimesoma meseji za mwezi ule. Mwanzoni alijibu ndani ya saa moja, kisha siku ya pili, kisha "nitaangalia Jumapili, dada". Hakuna aliyetamka kwamba jambo limebadilika.

Mwisho wa mwezi wa tisa, kituo kimoja chenye mtandao dhaifu kilifunga hesabu. Mfumo ulionyesha lita 11,640. Gari la kiwanda lilikuwa limechukua 11,175. Lita 465 hazikuwapo popote isipokuwa kwenye simu. Mwenyekiti alihitimisha kwamba karani amewaandikia jamaa zake maziwa ya hewa, akamsimamisha kazi siku ileile mbele ya wafugaji. Karani yule ni mama wa watoto wanne, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kukubali mfumo.

Dada alimpigia Fundi siku tatu bila kumpata. Alikuwa safari ya kikazi. Akaenda kituoni akachukua daftari, akakaa nalo usiku kucha mara mbili akilinganisha mstari kwa mstari. Alikuta rekodi 81 zilizoingia mara mbili. Kila moja ilikuwa ya saa ambazo mtandao hukatika. Fundi alipopatikana alielewa dakika ileile: simu ilituma rekodi, seva ikapokea, mtandao ukakatika kabla seva haijajibu, na simu ikidhani haikufika ikatuma tena. Dawa ilikuwa kuipa kila rekodi namba yake tangu simuni, ili seva ikiiona namba mara ya pili iikatae. Ilimchukua Fundi saa nne kuandika. Karani alikuwa ameshinda nyumbani siku nne akiitwa mwizi.

Mwenyekiti alimrudisha kazini na kumwomba radhi hadharani, kwa heshima yake. Dada hakusahau. Jioni ile alimwandikia Fundi: "Mdogo wangu, hiyo nusu yako siku ile ilikuwa wapi?" Fundi alijibu kwa maneno ambayo baadaye aliyajutia: "Mfumo ni wangu. Ukitaka, tafuta mwingine akuandikie." Wiki tatu hawakusemezana.

Mkekani kwa mjomba

Mjomba wao ndiye aliyeniita. Nilisita. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na mtu wa nje anayeingia katikati huishia kulaumiwa na pande zote. Niliingia kwa sharti kwamba kwanza tungehesabu, ndipo tungezungumza.

Tulikaa mkekani Jumamosi moja, Fundi akiwa amesafiri usiku kucha kutoka Dodoma. Aliingia akamwamkia mjomba, kisha akamgeukia Dada na kumwambia shikamoo. Dada aliitikia marahaba akiwa ameinamia karatasi.

Nilichora mstari katikati ya karatasi, upande mmoja Dada, mwingine Fundi, tukaandika kila ufunguo wa biashara na mwenye kuushika. Jina la BRELA, lipa namba, mikataba ya vituo na simu za viongozi: Dada. Kikoa, seva, akaunti ya meseji, msimbo wote wa programu (maandishi yanayoiendesha) na nakala pekee ya takwimu: Fundi. Tulipofungua barua pepe yake tulikuta kikoa kilibakiza siku nne kuisha muda, na tangazo halikuwa limesomwa. Siku nne tu, vituo vitano vingeamka alfajiri na mfumo haupo.

Kisha nikawaeleza sheria inavyowaona. Jina kusajiliwa kwa mtu mmoja hakukumfanya Dada kuwa mwenye mali yote. Ubia wetu unasimamiwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345: watu wakifanya biashara pamoja kwa ajili ya faida ni wabia, na wasipokubaliana vingine, faida na hasara ni sawa kwa sawa. Kwa upande wa pili, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazilinda programu za kompyuta pamoja na maandishi mengine, na haki huanzia kwa aliyeandika. Fundi hakuwa mwajiriwa wa Dada, kwa hiyo msimbo ulikuwa wake. Mmoja alishika wateja, mwingine akashika kitu wanachokinunua. Wangetengana siku ile, kila mmoja angeondoka na nusu isiyofanya kazi.

Lilikuwapo na jambo ambalo halikuwahi kuwapitia kichwani. Majina, namba za simu na mapato ya wafugaji mamia yalikuwa kwenye kompyuta ya mkononi ya Fundi, chumba cha kupanga Dodoma. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi, na anayekusanya taarifa za namna hiyo anapaswa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuzilinda.

Maamuzi, na kwa nini

Njia tatu zilijadiliwa. Ya kwanza, Dada amlipe Fundi na kumtoa, fedha hazikuwapo. Ya pili, wafunge. Mjomba hakutaka kusikia, na vituo vitano vilikuwa vikiutegemea mfumo. Ya tatu, ndiyo iliyopitishwa, ilikuwa kuanza upya ndani ya kampuni yenye hisa, hisa zikiiva kadiri mtu anavyofanya kazi.

Kampuni ilipangiwa hisa 1,200, kila mmoja akiwekewa 600. Hisa 120 ni za kile alichokuja nacho: fedha za Dada, msimbo wa Fundi. Hisa 480 zinaiva kidogokidogo kwa miezi 48, hisa kumi kila mwezi wa kazi. Miaka minne ni kipimo kilichozoeleka kwenye kampuni changa za programu duniani, nami sikuona sababu ya kukikataa. Fundi, ambaye angebaki Dodoma, alikuwa na miezi minane: 80 na 120, hisa 200, zake daima hata asiposhika kompyuta tena. Dada alikuwa na miezi kumi: 220, na anaendelea. Hisa 400 alizoziacha Fundi ziliwekwa akiba kwa fundi atakayefuata.

Fundi alibishana juu ya kitu kimoja tu, na nadhani alikuwa na haki. Alisema mwezi wa kuandika mfumo kutoka sifuri si sawa na mwezi wa kuutunza. Tulikubali hoja, lakini badala ya kuongeza hisa, Dada alipendekeza Fundi alipwe shilingi 600,000 kwa msimbo, kidogokidogo kwa mwaka mmoja, na yeye atie saini kuukabidhi kwa kampuni. Alikubali. Kusema kweli, nilitarajia ugomvi uwe kwenye asilimia. Kilichomgusa Fundi kilikuwa kusikia Dada akitamka mbele ya mjomba kwamba kazi yake ilikuwa nzuri.

Funguo zote zilihamishiwa kwenye barua pepe ya kampuni inayofunguliwa na watu wawili. Maneno ya siri yaliandikwa, yakatiwa kwenye bahasha ya gundi, na bahasha ikafungiwa kwenye kasha la mjomba. Takwimu za wafugaji zilifutwa kwenye kompyuta ya Fundi mbele yetu. Na kifungu kimoja kiliandikwa kwa mkono wa Dada mwenyewe: mtu asiyepatikana kwa saa 24 bila taarifa siku ya kufunga hesabu, mwezi huo hauhesabiwi kwenye hisa zake. Yeye mwenyewe akiwamo.

Matokeo

Mwezi wa kumi na nane, nilipofunga hesabu zao mara ya mwisho kabla ya kuandika haya, vituo vilikuwa saba. Vitano vinalipa 60,000. Viwili vyenye wafugaji zaidi ya 200 vinalipa 90,000. Jumla ni shilingi 480,000 kwa mwezi. Kituo kimoja cha awali kiliondoka baada ya uongozi kubadilika. Kinachobaki baada ya meseji, seva, nauli na ada ya fundi mpya, kijana wa Tanga anayefanya kazi siku mbili kwa wiki, ni posho ya Dada, pungufu ya aliyokuwa akipata ukarani. Haijawa biashara ya kulisha nyumba mbili. Fundi bado yuko Dodoma, alikwisha kulipwa nusu ya fedha zake, na humwelekeza kijana yule kwa simu pale anapokwama.

Ninavyokiona

Watu waliosikia kisa hiki mtaani hulaumu safari ya Dodoma. Mimi siilaumu. Mtu mwenye mama mgonjwa na biashara isiyolipa ataitikia mshahara, na mpango wowote wa ubia usioitarajia siku hiyo ni mpango wa watu wasiougua. Kosa lilikaa barazani, kwenye ile nusu kwa nusu iliyotolewa kwa mkupuo. Laiti hisa zingekuwa zikiiva tangu mwanzo, kuondoka kwa Fundi kungekuwa habari ya familia tu, na Dada asingekuwa na la kuuliza.

Hoja ya kwamba maandishi huvunja undugu nimeisikia tangu utoto. Hapa ni ukimya uliouvunja. Kwa wiki tatu ndugu waliolala kitanda kimoja utotoni hawakujuliana hali, na kilichowarudisha kilikuwa karatasi yenye mstari katikati.

Yapo waliyoyapatia kwa kiwango ambacho sijakiona kwa wengi. Kuketi na karani alfajiri na kuwauliza wafugaji kulileta sehemu ya maziwa yaliyokataliwa, meseji ya wiki na bili ya tarehe 10. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo Fundi angelipata akiwa chumbani kwake, wala Dada asingeweza kuligeuza kuwa programu. Walihitajiana kweli. Na kubaki na daftari miezi mitatu, jambo ambalo Fundi aliliona la kizamani, ndilo lililomwokoa yule mama. Ningekuwa mimi, nisingeweka kikomo cha miezi mitatu. Ningesubiri kituo kifunge hesabu mara kadhaa bila tofauti na gari la kiwanda.

Bei bado inanitia wasiwasi. Shilingi 60,000 ilitajwa kwa kukisia na haijawahi kupimwa upya kwa vituo vidogo, na Dada anaogopa kuigusa. Nimemwambia kwamba posho yake ndiyo inayolipa tofauti.

Juzi niliwakuta ofisini, Dada na kijana mpya, Fundi akiwa hewani kwa simu. Mfugaji mmoja alikuwa amelalamika: meseji yake ya wiki husomwa na mwanawe kwa sauti, na neno "yamekataliwa" limemwaibisha mbele ya wageni, hali maziwa yake hayakuwa na maji, yalichacha njiani tu. Walikuwa wakibishana kama waandike "yamerudi". Fundi alitaka kujua kwanza litaongeza herufi ngapi. Dada alimwambia linapunguza.